Bei peke yake haimsaidii mnunuzi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako huchapa jedwali la bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam: jina la kampuni, bei ya kufungia, mshale wa kupanda au kushuka. Hapa Tanga jedwali hilo lina wasomaji, na nadhani wameongezeka tangu mwaka 2024, Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ilipouza kwa umma hatifungani yake ya maji (yaani mkopo kutoka kwa umma wenye riba) ya shilingi bilioni 53.12. Ninachoomba katika barua hii ni kidogo, lakini kabla ya kukiomba niruhusu nieleze kwa nini jedwali hilo, jinsi lilivyo sasa, linampoteza mnunuzi mdogo.

Mtu anaona hisa iliyokuwa 600 sasa ni 480, anasema imekuwa rahisi. Anaona nyingine imetoka 300 ikafika 420, anasema tumechelewa. Yote mawili hayajulikani kwa kutazama bei. Mchukue mtu huyohuyo ushuke naye Deep Sea kwa wavuvi, umwoneshe mashine ya boti iliyotumika, nguvu farasi 40, umwambie jana iliuzwa milioni tatu na leo ni milioni mbili na nusu. Hatatoa pesa. Atauliza ilikuwa ikifanya kazi wapi, atataka kuvuta kamba mwenyewe, atamwita fundi. Akili ya kununua anayo. Akifika kwenye hisa anaiacha nyumbani.

Kwa hiyo nianze na mashine, maana pale kila kitu kinashikika. Thamani ya kitu kilichotumika ni kazi iliyobaki ndani yake, ukitoa gharama ya kukifanya kiifanye hiyo kazi. Kazi iliyobaki haionekani kwenye rangi. Mashine iliyopakwa rangi mpya wiki hii, boliti zake nyingine ziking'aa na nyingine zina kutu, ifunue kifuniko uangalie chini ya gurudumu la kuvutia kamba na kwenye maungio ya nyaya. Ukikuta unga mweupe kwenye aluminiamu na kutu kwenye vyuma ambavyo havipaswi kuguswa na maji, mashine hiyo iliwahi kuzama. Ikiwa kibandiko cha namba ya mashine kimekwanguliwa, ondoka, hata kama inawaka kwa mvuto mmoja.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iguse, iwe baridi. Mashine ikishapashwa moto inaficha ugonjwa wa kuwaka. Iwashwe ikiwa kwenye pipa la maji, kamwe si kavu, kwa sababu sekunde chache bila maji zinatosha kuunguza mpira wa pampu. Tazama maji ya kupozea yanayotoka nyuma: yawe na nguvu na yasikatike. Yakitoka kwa unyonge, omba Mungu iwe ni mpira wa pampu tu. Ikiwa ni chumvi iliyoziba njia za ndani, hapo kuna kazi ya kufungua kichwa, na boliti za mashine iliyoishi baharini hupenda kukatikia ndani.

Ikishapata moto, izime, vuta ufunguo wa dharura, toa plagi zote, na nyaya za plagi zigusishwe kwenye bodi ili mfumo wa umeme usiharibike. Funga geji ya mgandamizo kwenye tundu la kwanza, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, vuta kamba mara tano au sita hadi mshale usipande tena. Andika. Nenda tundu la pili. Mashine nyingi za aina hii zenye afya husoma kati ya 110 na 130 kwa kipimo cha psi. Ikishuka chini ya 90 imechoka. Ila namba yenyewe si kubwa kama tofauti. Silinda moja ikisoma 120 na nyingine 95, usitafute wastani. Ile ya 95 ndiyo itakayokuacha nje ya mwamba. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake upime tena: ikipanda, kosa liko kwenye ringi au silinda imechubuka, na mara nyingi sababu ni mtu aliyebana oili kwenye mafuta. Kwa mashine za mchanganyiko wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili. Anayepima kwa kifuniko cha chupa huku akikadiria kwa jicho ndiye anayekuuzia hiyo silinda.

Halafu shuka chini kwenye mguu. Legeza kidogo skrubu ya chini ya gia boksi, tone moja tu likudondokee kwenye kidole. Likiwa jeupe kama tui, maji yameingia, sili zimekwisha. Likiwa jeusi lenye vumbi la chuma linalong'aa, meno ya gia yanaliwa.

Baada ya hapo ndipo hesabu inafanyika. Tuseme ile ya milioni 2.5 inahitaji ringi, kuchongwa silinda, sili na pampu, jumla laki tisa, na nyingine iliyo kando yake inauzwa milioni 3.4 haidai kitu. Kwenye karatasi zimelingana. Mimi nitachukua ya 3.4, kwa sababu laki tisa ya fundi ni kadirio kabla mashine haijafunguliwa, na siku ambazo boti imekaa ufukweni hazijahesabiwa. Bei ndogo ilikuwa ni deni tu, muuzaji amekuhamishia wewe.

Kuna na gharama ambayo haiji kwa fundi bali kila siku. Friji la zamani linaweza kula uniti 2.5 za umeme kwa siku pale ambapo jipya la ukubwa uleule linakula moja. Tofauti ni uniti 1.5. Kwa takribani shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni 525 kwa siku, na kwa mwaka inakaribia laki moja na tisini. Aliyeokoa laki mbili dukani amezirudisha kwenye Luku kabla mwaka wa pili haujachanganya. Na wanaonunua mizigo ya Japani wasome kibandiko cha nyuma: umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230. Transfoma ya kushusha umeme inanunuliwa, na yenyewe inakula umeme.

Sasa wakati. Pwani hii inajua misimu yake. Kusi likishika, kuanzia Mei hadi Septemba, vyombo vidogo hushinda ufukweni siku nyingi, mwenye mashine anataka pesa na wanunuzi ni wachache. Kaskazi likianza, kila mtu anaitafuta mashine ileile. Friji nalo hupanda kwenye joto la Desemba hadi Machi, na kila Ramadhani inapokaribia, likapoa Juni na Julai. Januari, ada za shule zikidai, vitu vya ndani hutoka kwa bei ambayo Novemba usingeisikia. Wakati mzuri ni ule ambao muuzaji ana haja na wewe huna.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hulipita: msimu wa bei nzuri huwa ni msimu mbaya wa kupima. Friji lenye kompresha iliyochoka litagandisha vizuri tu Julai, likakuumbua Februari. Ukinunua Julai, liache limezimwa usiku kucha, kisha liwashe likiwa limejazwa chupa za maji ya vuguvugu ndani ya chumba kilichofungwa, na uangalie kama barafu inatanda sehemu yote ya kugandishia au inaishia kona moja. Ikiishia kona moja, gesi imepungua, na gesi haipungui bila tundu. Vivyo hivyo kwenye kusi: bahari imechafuka, muuzaji hatakubali kwenda kujaribu nje, utabaki na pipa na geji. Basi geji ipimwe kwa makini zaidi. Anayenunua wakati wa shida ya muuzaji lazima awe mpimaji hodari kuliko anayenunua wakati wa raha, la sivyo anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Haya yote yamo ndani ya hisa, kwa majina mengine.

Kazi iliyobaki kwenye hisa ni faida itakayozaa. Chukua faida ya mwaka baada ya kodi, igawe kwa idadi ya hisa zote, upate faida ya hisa moja. Kisha bei igawe kwa hiyo. Hisa ya shilingi 1,000 yenye faida ya 125 inakutaka usubiri miaka minane faida iirudishe bei, ikiwa haitakua wala kupungua. Hisa ya shilingi 200 yenye faida ya 5 inataka miaka 40. Kwenye jedwali la gazeti, hii ya pili ndiyo inayoonekana rahisi. Wapo wanaoinunua kwa sababu hiyo tu: kwa laki mbili wanapata hisa elfu moja, badala ya mia mbili.

Mfano wa kweli upo na kila mtu anaweza kuukagua. Benki ya CRDB iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, hisa hiyohiyo ilipatikana sokoni kwa chini ya 150. Mshale kwenye magazeti ulikuwa wa kushuka. Aliyetazama mshale alikimbia. Lakini faida baada ya kodi ilikuwa takribani bilioni 36 mwaka 2017, bilioni 64 mwaka 2018 na bilioni 120 mwaka 2019. Hisa zote ni kama bilioni 2.6. Gawanya mwenyewe: faida ya hisa moja ilitoka kama 14, ikafika 25, ikafika 46. Hata kwa bei kamili ya 150, faida ya 2019 ilikuwa inairudisha bei ndani ya miaka isiyofika minne. Gawio nalo, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, lilikuwa shilingi 8 kwa hisa kwa mwaka 2018, 17 kwa 2019, 22 kwa 2020, 36 kwa 2021. Taarifa hizo hazikuwa siri. Mabenki hulazimika kutangaza hesabu zao kila robo mwaka magazetini, gazeti lako likiwemo, kurasa chache tu kutoka kwenye lile jedwali. Sisemi mtu akanunue hisa hizo leo. Bei ya leo inataka hesabu ya leo.

Ule ulikuwa ni msimu wa kusi. Na kama nilivyosema, kusi lina shida ya kupima: mwaka 2017 mikopo chechefu, ile isiyolipwa ipasavyo, ilikuwa imeitafuna faida ya benki, na hakuna aliyeweza kuwa na uhakika kama yote imeshatengewa fedha. Geji ya benki ni huo mstari wa mikopo chechefu. Ikishuka robo baada ya robo huku faida ikipanda, silinda zinasoma sawasawa. Faida ikipanda peke yake huku mikopo chechefu nayo inapanda, ile silinda ya 95 inakungoja. Kwa kampuni nyingine, tazama mtiririko wa fedha: faida iliyoandikwa lakini haijaingia benki, au iliyotokana na kuuza jengo mara moja, ni rangi mpya kwenye mashine.

Kuna pia kinachokula kila siku, na kwenye hisa ni ada na kodi. Mnunuzi mdogo hulipa karibu asilimia mbili akinunua, na asilimia mbili tena akiuza, kwa dalali pamoja na soko na wasimamizi. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Zishike namba hizo, kwa sababu zinaua mchezo mmoja unaopendwa sana: kukimbilia kununua siku chache kabla daftari la wanahisa, linaloamua nani atalipwa gawio, halijafungwa ili kupata gawio, kisha kuuza.

Tuhesabu. Hisa 1,000 kwa bei ya 1,000, gawio limetangazwa 60. Unalipa 1,000,000 na ada ya 20,000. Unapokea gawio la 60,000, kodi 3,000 inatoka, zinabaki 57,000. Haki ya gawio ikishatoka, mnunuzi mpya hatalipia kitu ambacho hatakipata, kwa hiyo bei huelekea kushuka kwa kiasi kilekile; tuseme 940. Unauza 940,000, ada inakata 18,800, unabaki na 921,200. Jumla mkononi 978,200. Ulitoa 1,020,000. Umepoteza 41,800 kwa kupata gawio. Ni kununua ng'ombe kwa bei yenye maziwa ndani, ukamkamua, ukamuuza kama mkavu, na dalali ukamlipa mara mbili. Anayetaka kukaa na hisa miaka, hilo la tarehe halimsumbui sana. Lakini hata yeye akisubiri wiki baada ya daftari kufungwa, mara nyingi atawakuta wauzaji walewale wa haraka wakimngoja yeye.

Nigusie la nyumbani. Tanga Cement iko sokoni tangu mwaka 2002 na kiwanda chake kipo Pongwe, kila mkazi anayaona malori yake. Wengi wanapima thamani ya hisa hiyo kwa kuhesabu malori. Lori ni mauzo, si faida. Umeme, makaa na riba ya mkopo uliojenga tanuri la pili la klinka vyote hukaa kati ya lori na mwenye hisa. Tena Oktoba 2021, ilipotangazwa kwamba Scancem, kampuni ya kundi lililokuwa tayari na saruji ya Twiga, inataka kununua asilimia 68.33 ya hisa, bei ilianza kufuata habari za ununuzi huo na za vyombo vinavyosimamia ushindani wa biashara badala ya mifuko ya saruji. Mnunuzi wa wakati ule alihitaji kujua ananunua kipi kati ya hivyo viwili.

Kipimo kingine tunacho mlangoni. Hatifungani ya maji ya Tanga inalipa asilimia 13.5 kwa mwaka kwa miaka kumi, mara mbili kwa mwaka: aliyeweka milioni moja anapata 67,500 kila miezi sita. Basi hisa yenye gawio la asilimia 5.7 baada ya kodi lazima ijibu swali: hizo karibu asilimia nane zinazopungua zitatoka wapi? Zikitoka kwenye faida inayokua, sawa. Zikitoka kwenye matumaini kwamba kuna mtu atanunua ghali zaidi kesho, si sawa. Hata Vodacom, iliyouzwa kwa umma 2017 kwa shilingi 850, ilikuja kuuzwa chini ya hapo kwa miaka.

La mwisho ni ujazo, yaani idadi ya hisa zinazouzwa. Kwenye soko letu hisa nyingine hupitisha siku bila kuuzwa hata moja, na bei inayoonekana ni ya mtu wa mwisho. Kama wiki nzima zimeuzwa hisa 40 kwa shilingi 500, basi shilingi 20,000 ndizo zilizoamua "bei" ya kampuni nzima. Mnunuzi wa hisa ya namna hiyo asimwambie dalali "ninunulie kwa bei ya soko". Aandike bei yake ya juu kabisa kwenye fomu na asubiri, hata wiki tatu.

Sasa ombi langu, Ndugu Mhariri. Kwenye jedwali lenu ongezeni safu nne: faida ya hisa moja kwa mwaka uliopita, gawio la mwisho kwa hisa, tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, na idadi ya hisa zilizouzwa wiki hiyo. Zote ni taarifa za wazi, zinapatikana kwenye hesabu zinazotangazwa na kwa soko lenyewe. Nafasi ikiwa finyu, toeni ule mshale.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga